Kiolezo Hakisahau: Historia Fupi ya Kuchora Mara Moja na Kutumia Mara Nyingi

Muhula uliopita sisi wanachama wanne wa chama hiki, tunaosoma uhandisi, tulipewa zoezi la kusanifu daraja dogo la waenda kwa miguu juu ya kijito cha South Creek, hapa St Marys. Tuligawana kazi. Wawili wakachora daraja, wawili wakachora kingo za kijito na njia. Ili kuokoa muda, waliochora daraja walifungua faili la zamani tulilorithi kwa wanafunzi waliotutangulia: lina fremu ya ukurasa, majina ya tabaka za mchoro, unene wa mistari, kila kitu tayari. Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi tukaunganisha michoro miwili. Daraja letu la mita 12 likageuka kuwa la mita 304.8, likavuka kijito, barabara na nyumba za watu.

Tulicheka, kisha tukaogopa. Kosa lilikuwa wapi? Lile faili la zamani lilikuwa limewekwa katika inchi. Sisi tuliandika 12,000 tukiwa na maana ya milimita. Programu ikasoma inchi 12,000, na inchi moja ni milimita 25.4. Hakuna aliyekosea hesabu. Tulirithi uamuzi wa mtu mwingine bila kujua kwamba ulikuwapo.

Faili la namna hiyo kwa Kiswahili ni kiolezo, yaani kitu cha kuigiza ili kupata vingine vinavyofanana nacho. Katika makala hii tunataka kuonyesha kwamba tatizo letu la usiku ule lina historia ndefu, na kwamba sehemu ya historia hiyo inapita katika stesheni ambayo wengi wetu huitumia kila siku.

Stesheni ya St Marys ilifunguliwa mwaka 1862, wakati huo ikiitwa South Creek. Reli zake zimeachana kwa milimita 1,435. Kwa nini namba ya ajabu hivyo? Kwa sababu ni futi 4 na inchi 8 na nusu, upana ambao George Stephenson aliutoa katika njia za magari ya makaa ya mawe ya kaskazini mashariki mwa Uingereza na kuutumia katika reli ya Liverpool na Manchester, iliyofunguliwa mwaka 1830. Hakuanza upya, alichukua kilichokuwapo. Wengine wakamwiga yeye, na namba ikasafiri hadi Sydney.

Lakini haikufika bila ugomvi. Mhandisi wa kwanza wa reli ya Sydney, Francis Webb Shields, alipendekeza milimita 1,600, na jirani zao wa Victoria wakakubali. Shields akajiuzulu, mrithi wake James Wallace akarudisha 1,435, na Victoria ikawa imekwisha kuagiza mitambo yake. Reli za makoloni hayo mawili zilipokutana Albury mwaka 1883, abiria walilazimika kushuka na kupanda treni nyingine. Usumbufu huo ulidumu hadi mwaka 1962. Uamuzi wa watu wachache katika miaka ya 1850 ulilipiwa na wajukuu na vitukuu vyao.

Afrika Mashariki tuna hadithi kama hiyo. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901, ilijengwa kwa upana wa mita moja, kwa mfano wa reli nyingi za India. Na mafundi na vibarua wengi walitoka huko pia. Wajerumani waliojenga kuanzia Tanga, na baadaye kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, nao walitumia mita moja. Kwa hiyo Waingereza walipovuta njia kutoka Voi kuelekea Moshi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, reli za maadui wawili ziliungana bila shida. Hapo kiolezo kimoja kilifaa.

TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ilifuata milimita 1,067 ili ioane na reli za Zambia na za kusini mwa Afrika. Uamuzi ule ulikuwa na sababu nzuri. Hata hivyo, mabehewa yake hayawezi kuingia katika Reli ya Kati ya Tanzania. Baba wa mwenzetu mmoja, aliyekulia Mbeya, tulipomsimulia kisa cha daraja letu alisema, "Wanangu, hiyo ndiyo Kidatu." Kidatu ndipo reli hizo mbili zinapokutana, na mzigo hauna budi kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Leo reli mpya za Kenya na Tanzania zimejengwa kwa 1,435, namba ileile ya St Marys.

Katika kompyuta wazo hili lilipata sura mpya mwaka 1963, Ivan Sutherland alipoonyesha programu yake ya Sketchpad katika chuo cha MIT. Mtumiaji aliweza kuchora mchoro mama mmoja na kuutumia mara nyingi. Akibadilisha mama, watoto wote wanabadilika. AutoCAD ilitoka mwaka 1982, na baadaye mchoro mpya uliweza kuanza kama nakala ya mchoro wa mfano. Hadi leo programu hiyo huja na violezo viwili vikuu, kimoja cha inchi na kimoja cha milimita, na majina yao yanakaribiana sana. Ugomvi wa Shields na Wallace sasa unakaa ndani ya faili.

Hatusemi watu waache violezo. Bila kiolezo, kila mwanafunzi angepoteza siku nzima kupanga tabaka na maandishi kabla ya kuchora mstari wa kwanza. Tunasema kiolezo kiulizwe: kilitengenezwa wapi, kwa kazi gani, kwa kipimo kipi? Baada ya kisa kile tulitengeneza chetu. Tulifuta mabaki yote ya mradi wa zamani, tukaweka milimita, na kwenye ukurasa wa kwanza tukaandika nani alikitengeneza, lini na kwa kazi ya aina gani. Faili lenyewe tumelifunga lisiandikwe juu yake. Mtu akiona kosa katika nakala yake, halirekebishi pale tu na kunyamaza. Anatuambia, tunarekebisha mama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa kiolezo hujirudia katika kila nyumba.

Sasa wenzetu wa mwaka wa kwanza wamekiomba. Tumewapa, kwa sharti moja: wasome ukurasa wa kwanza kabla ya kuchora chochote. Sisi hatukuwa na ukurasa wa kusoma.