Kitanda Si Dawa ya Mgongo

  Leo tunazungumzia maumivu ya mgongo, hasa pale chini kiunoni, na jinsi tiba ya viungo, yaani fiziotherapia, inavyoyatuliza.

Tutaanza na historia, na kuna sababu. Ule ushauri tuliorithi kwa mama zetu, "lala kitandani mpaka upone", ulikuwa pia ushauri wa madaktari kwa zaidi ya miaka mia moja. Madaktari wameshaubadilisha. Wengi wetu mtaani bado hatujapata habari.

Kwanza tuelewane ni mgongo upi tunaouzungumzia. Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kati yake kuna visahani laini, na pembeni kuna misuli na kano. Vitu hivi vikilemewa, au vikikaa namna moja kwa muda mrefu, huuma. Maumivu hayo huzidi ukiinama, ukiinua kitu au ukikaa sana, na hupungua ukibadilisha mkao. Hayatokani na ugonjwa mwingine mwilini. Wengi wetu husema, "Hizi ni figo," tukakimbilia dawa. Mara nyingi si figo.

Mama wa Eastlands anajua mzigo. Katika mitaa ya zamani kama Shauri Moyo, familia iliishi chumba kimoja na maji yalitekwa kwenye bomba la wote. Siku hizi tuna majumba ya ghorofa, lakini maji ya mgao yakikatika, mtungi wa lita 20 hupanda ngazi mkononi mwa mama hadi ghorofa ya nne. Maji hayo peke yake ni kilo 20. Hapo hujahesabu mtoto mgongoni ndani ya leso, wala beseni la nguo lililo sakafuni.

Sasa tusikilize historia. Mwaka 1863, daktari mpasuaji wa London, John Hilton, alichapisha mafundisho yake kuhusu mapumziko na maumivu. Alifundisha kwamba kupumzika ni tiba kubwa. Mawazo ya namna hiyo yalienea, na mwenye mgongo akawa analazwa kitandani siku nyingi, hata wiki kadhaa.

Wakati huohuo kulikuwa na njia nyingine, nayo ni kukanda. Sisi tunaijua. Mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto, na kazi hiyo hufanywa na wanawake wenye ujuzi. Huko Uingereza nako, mwaka 1894, wauguzi wanne wanawake walianzisha chama cha wakandaji waliosomea kazi hiyo. Mmoja wao, Rosalind Paget, alikuwa pia mkunga. Chama hicho ndicho kilichokua na kuwa chama cha wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza. Kwa hiyo, mama, ukisikia neno hilo geni usiogope. Mizizi yake iko karibu na kazi unayoijua.

Lakini kukanda peke yake hakukutosha. Mwaka 1956, mtaalamu wa fiziotherapia wa New Zealand, Robin McKenzie, alimwambia mgonjwa wake alale kitandani amngoje. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa upande mmoja. Mgonjwa akalala kifudifudi, mgongo ukapinda kwenda nyuma, mkao ambao siku hizo ulidhaniwa una madhara. Baada ya dakika chache alisema mguu wake umepata nafuu. McKenzie hakulipuuza jambo hilo. Alianza kujaribu ni mwendo gani unamtuliza kila mgonjwa, na leo njia yake inatumika katika nchi nyingi.

Kisha ukafika mwaka 1986. Madaktari wa Texas, Marekani, waliwachunguza wagonjwa 203 wenye maumivu ya mgongo kama haya yetu. Wengine waliambiwa walale siku 2, wengine siku 7. Walioambiwa walale siku 2 walikosa kazi siku chache zaidi, pungufu kwa asilimia 45, na hawakupona vibaya kuliko wenzao. Mwaka 1995, huko Helsinki, Finland, wafanyakazi wa jiji walioendelea na shughuli zao za kawaida kadiri maumivu yalivyowaruhusu walipona upesi kuliko waliolazwa kitandani.

Fikiri maana yake kwa mama anayefulia watu nguo na kulipwa kwa siku. Wiki moja kitandani ni wiki moja bila unga nyumbani, na tena misuli imelegea. Amelipa gharama mara mbili kwa dawa isiyofanya kazi.

Mwaka huohuo wa 1986 palitokea habari kutoka hapa kwetu. Watafiti, akiwemo Profesa Geoffrey Maloiy wa Nairobi, walichapisha uchunguzi juu ya wanawake wa Kenya wanaobeba mizigo, Waluo kichwani na Wakikuyu kwa kamba kwenye paji la uso. Waliona kwamba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu walipotembea. Ukizidi hapo, matumizi yalipanda. Hawakupima maumivu ya mgongo, walipima nguvu. Hata hivyo, piga hesabu. Mama wa kilo 60, asilimia 20 yake ni kilo 12. Mtungi wetu ni kilo 20.

Basi tufanye nini? Maumivu yakikushika, pumzika kidogo, siku moja au mbili yakizidi sana, kisha amka. Tembea ndani ya ploti dakika chache, mara kadhaa kwa siku, ukiongeza polepole. Beba maji nusu mtungi, au vidumu viwili vya lita 5, kimoja kila mkono. Weka beseni juu ya meza au stuli badala ya sakafu. Badilisha mkao kila baada ya muda.

Maumivu yakiendelea zaidi ya wiki chache, au yakirudi kila mara, ulizia idara ya fiziotherapia katika hospitali ya umma iliyo karibu nawe. Mtaalamu atakuuliza kazi zako, atakutazama ukiinama na kugeuka, kisha atakupa mazoezi yako. Huenda akakufundisha kulala chali, magoti yamekunjwa, na kubana tumbo ili kiuno kiguse sakafu. Mazoezi hayo uyafanye nyumbani kila siku, maana ndiyo dawa yenyewe. Ukiwa mjamzito, mwambie mapema. Na una haki ya kuuliza kama amesajiliwa, kwa kuwa tangu sheria ya mwaka 2014 Kenya ina baraza linalowasajili wataalamu hawa.

Je, mshipi wa kiunoni unaouzwa barabarani? Mwezi Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Lilipendekeza mazoezi na mafunzo kwa mgonjwa, na likashauri mishipi hiyo isitumiwe kama tiba ya kawaida. Weka pesa zako.

Sasa sikiliza kwa makini. Usingoje mazoezi, nenda hospitali mara moja, ukiona haya: miguu inakosa nguvu, ganzi sehemu za siri, mkojo au choo hakizuiliki au hakitoki, au maumivu yameanza baada ya kuanguka au ajali. Nenda pia ukiwa na homa, jasho la usiku au kukonda, kwani kifua kikuu huweza kushika uti wa mgongo. Mjamzito mwenye maumivu ya mgongo yanayokuja na kuachia, au anayetokwa na damu, aende kwa mkunga bila kukawia.

Mama, mgongo wako ndio nguzo ya nyumba, na nguzo hii huimarika kwa kutembea. Mwambie jirani yako habari hii leo, hasa yule ambaye ameambiwa alale.