Waliohama na Mipaka ya Kanisa katika Nyanda za Juu Kusini

Historia ya Kanisa letu katika Iringa na Mbeya huanza, kwa desturi, na safari za wamisionari. Mwaka 1891 Merensky na wenzake wa Misioni ya Berlin walifika kaskazini ya Ziwa Nyasa, na mwaka huo huo Wamoraviani walianzisha kituo cha Rungwe. Wakagawana nchi. Watu wa Berlin walivuka milima kuelekea mashariki, wakafika Bulongwa mwaka 1895 na baadaye Ubena. Wamoraviani walielekea magharibi, na mwaka 1899 walikuwa Mbozi. Mapatano hayo yalizuia mashindano mengi. Hata hivyo yalidhania kwamba Mkinga atakaa Ukinga daima, na Mnyakyusa Rungwe.

Serikali ya kikoloni haikudhania hivyo. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na Njombe fedha ilikuwa adimu. Chini ya Waingereza wilaya hiyo ilihesabiwa kuwa ghala la watu wa kazi. Wabena na Wakinga walikwenda kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro. Wengine walikwenda karibu zaidi, kwenye chai ya Mufindi au dhahabu ya Lupa huko Chunya. Tangu mwaka 1944 chombo cha wenye mashamba ya mkonge, SILABU, kiliwaandikisha na kuwasafirisha kwa maelfu. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba, na kipande chake kilikuwa cha siku 30 za kazi.

Nionavyo, tumewapuuza mno watu hawa. Twaandika sura nzima juu ya mmisionari aliyevuka milima kwa miguu (na wapagazi wake hatuwataji), lakini hatuna hata aya moja juu ya mwanamke wa Ubena aliyebaki akilima, akilea, na kuwaleta watoto kwenye ubatizo peke yake.

Baada ya uhuru ikaja barabara kuu ya Zambia, kisha reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976. Makambako, zinapokutana, pakawa mji. Wakinga wakafungua maduka Mbeya na Iringa. Leo Walutheri wana sharika Mbeya mjini, na Wamoraviani wanazo Iringa. Mpaka wa zamani ulivukwa na wafanyabiashara na vibarua kabla ya azimio la sinodi yoyote.

Njia hizo hizo zilileta msiba. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2011 hadi 2012 ulikuta karibu asilimia 15 ya watu wazima wa Njombe wana virusi vya UKIMWI, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, na Makete ilikwisha jaa yatima. Mchungaji anayehubiri juu ya uasherati pekee hajaisoma historia ya wilaya yake. Ndoa zilikuwa zimezoezwa kutengana tangu enzi za kipande.

Katika vitabu vya washirika nilivyovisoma, mbele ya majina mengi limeandikwa neno moja tu, “amehama”, pasipo kutaja alikokwenda. Kwa sababu hiyo ni vigumu hata sasa kueleza ni nani hasa walioanzisha sharika zetu za mijini.