Konokono wa Mabwawa ya Mwatiko

Bangus wa Ufilipino ni yule yule mwatiko wa pwani ya Kenya na Tanzania. Wafilipino wamemfuga kwa karne kadhaa kwenye mabwawa ya maji ya chumvichumvi, mengi yakiwa yamechimbwa palipokuwa na mikoko. Mwanzoni mwa karne ya 20 nchi hiyo ilikuwa na hekta 450,000 hivi za mikoko. Kufikia miaka ya 1990 zilibaki karibu 120,000, na mabwawa yalichangia sana upungufu huo.

Mwatiko hula utando unaoota sakafuni mwa bwawa, mchanganyiko wa mwani na vijidudu ambao wafugaji huuita lablab. Bahati mbaya konokono mwembamba wa matope, Cerithidea cingulata, anaupenda vilevile. Kwenye mikoko ni mkazi wa kawaida. Bwawani, maji yametulia na chakula kimejaa, huzaana hadi sakafu ikafunikwa na magamba. Huula utando na kuuchimbua, vipande vikang'oka na kuelea.

Dawa ya zamani ilikuwa jua na mikono: bwawa linakaushwa mpaka udongo upasuke, kisha vibarua wanaokota. Kazi ya kuchosha, tena si ya uhakika. Konokono huyu ana kifuniko kigumu mlangoni mwa gamba lake. Akihisi ukavu hujifungia humo na kungoja maji. Na msimu wa mvua, nani atakausha bwawa?

Ndipo ikaingia Brestan, dawa ya kuua kuvu wa mazao iliyotengenezwa kwa kampaundi ya bati. Ilienea kwa sababu inayoeleweka: kiasi kidogo tu kiliua konokono wa bwawa zima, na mwenye bwawa hakulipa vibarua wengi. Lakini sumu yake haikuondoka na maji. Ilibaki kwenye tope, na watafiti wakaikuta hata kwenye nyama ya mwatiko, yaani mezani kwa mlaji. Katika miaka ya 1990 serikali iliipiga marufuku, ingawa baadhi ya wafugaji waliendelea kuitumia kwa siri.

Huko Tigbauan, mkoani Iloilo, kituo cha ufugaji wa samaki cha SEAFDEC, shirika la uvuvi la Asia ya Kusini-Mashariki, kilichoanzishwa mwaka 1973, kilipima njia nyingine. Mwaka 1998 Borlongan, Coloso na wenzao walichapisha matokeo ya vumbi la tumbaku, takataka za viwanda vya sigara. Nikotini yake huua konokono, kisha huvunjika upesi kuliko kampaundi ya bati, na mabaki ya vumbi hurutubisha bwawa hata utando ukaota tena. Kasoro yake ni kwamba nikotini haichagui: vifaranga vya samaki havina budi kusubiri nje hadi sumu iishe.

Wakati huohuo, wafugaji wa kamba walikuwa wakinunua konokono waliookotwa matopeni, wakawaponda na kuwalisha kamba wao.