Sadaka ya Mti na Haki ya Mpandaji

Miongoni mwa njia ambazo wenye uwezo wamezibuni ili kuwaauni mafukara, sioni iliyo karibu zaidi na nyoyo za watu wa mwambao wetu kuliko kupanda mti unaozaa. Maana dini imetufundisha kwamba mwenye kupanda, akala katika pando lake mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka, na wazee walioweka minazi yao wakfu ili pato lake linunue mafuta ya taa na mikeka ya misikiti walitenda kwa itikadi hiyo hiyo. Kwa hiyo jumuiya za hisani zinapogawa vijijini miche ya miembe, michungwa na minazi, zikitaraji kwamba aliyeipokea atajitegemea, nia yao haina ila. Ninalodai ni kwamba nia hiyo haitoshi maadamu mtoaji hajauliza jambo lililo gumu kuliko bei ya mche: mti huo utasimama katika ardhi ya nani, na siku utakapozaa, ni nani atakayekuwa na mamlaka juu ya matunda yake?

Swali hili si geni kwetu. Katika Unguja, Pemba na pwani ya Kenya, ada iliyochanganyika na sharia imekubali tangu zamani kwamba mti waweza kuwa milki ya mtu mmoja na ardhi ikawa milki ya mwingine. Mnazi huuzwa, hurithiwa na huwekwa rehani pasipo kuitaja ardhi iliyouotesha. Natija yake ni kuwa kupanda mti wa kudumu ni kujijengea dai, na wenye mashamba walilifahamu hilo vyema. Utumwa ulipokomeshwa kisheria, Unguja na Pemba mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, wengi wa walioachwa huru, pamoja na wahamiaji waliowafuata, waliruhusiwa kukaa mashambani, wakalima mihogo na kunde chini ya mikarafuu na minazi ya wenyewe, na kwa badala yake wakaipalilia. Lakini aghalabu walikatazwa kupanda mnazi au mwembe, kwa kuwa mwenye mihogo aweza kuambiwa ahame baada ya kuvuna, ilhali mwenye mnazi haondoshwi ila kwa fidia. Ufukara wao, basi, haukutokana na uhaba wa miche, kwani kokwa la embe huokotwa njiani. Walichonyimwa ni haki ya kungoja. Mwembe wa kokwa hukaa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, na mnazi wetu mrefu wa asili hauutangulii kwa kitu, na ni nani atakayeumwagia maji mti kwa muda wote huo hali hana yakini kwamba mwakani atakuwapo? Hata leo wako watu wengi katika Kilifi na Kwale wanaokaa katika ardhi isiyo na hati kwa majina yao, na huko zawadi ya miche iliyotolewa bila ya kumshauri mwenye ardhi yaweza kuzaa fitina kabla haijazaa tunda.

Ni vigumu kuitaja hiba ya miti katika mwambao huu iliyo kubwa kuliko ile iliyofuata Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, pale serikali ilipoitaifisha ardhi na kuwagawia maelfu ya familia eka tatu tatu, nyingi zikiwa na mikarafuu na minazi iliyokwisha kukomaa. Miti ile ilitoka mikononi mwa watu wengine, na machungu ya jambo hilo si ya kupuuzwa. Lakini hapa natazama hali ya waliopewa. Ardhi walikuwa nayo kwa kuitumia, wala hawakuwa na ruhusa ya kuiuza. Karafuu zao, tangu mwaka 1968, zilinunuliwa na shirika la serikali peke yake. Na bei ya dunia ilipopanda katika miaka ya 1970, kwa sababu watengenezaji wa sigara za karafuu wa Indonesia walizihitaji mno, sehemu iliyomfikia mkulima ilikuwa ndogo. Wengi wakaiacha mikarafuu mizee bila ya kupanda mingine mahali pake, na karafuu za Pemba zikavushwa kwa magendo hadi Mombasa. Mkarafuu hauna tunda la kumshibisha mtu, nakiri, lakini kanuni yake ni ile ile ya mwembe: aliyepewa mti akanyimwa kauli juu ya zao lake amepewa kazi ya kulinda mali ya mwingine. Ilibidi kungoja hadi mwaka 2011 ndipo serikali ilipoazimia kumlipa mkulima takriban asilimia 80 ya bei ya soko la nje.

Hata palipo na ardhi na kauli, ipo hatari ya tatu, nayo ni njaa ya miaka ya mwanzo. Sharia imekataza kuuza matunda kabla haijadhihiri kuwa yatasalimika, na hekima yake huonekana kila msimu, kwani mchuuzi hufika wakati wa dhiki, akanunua mwembe ukiwa bado una maua kwa bei ya kusikitisha, na mwenye mti akabaki kuyatazama maembe yake yakipakiwa garini. Mtoaji mwenye busara ataleta miche ya kubebeshwa, ambayo huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, na baina ya mistari yake ataleta mipapai na migomba, ambayo humlisha mtu yapata mwaka mmoja tu baada ya kupandwa, pamoja na kunde na mananasi. Atabaki pia kufundisha namna ya kupambana na nzi wa matunda kutoka Asia, ambaye tangu alipogunduliwa Kenya mwaka 2003 ameharibu maembe mengi ya mkulima mdogo.

Lakini kabla ya hayo yote na iandikwe hati, mbele ya sheha au mzee wa kijiji na mashahidi, itaje mti ni wa nani, fidia yake ni nini mwenye ardhi akiitaka ardhi yake, na itaje jina la mke pamoja na la mume. Kwa sababu mwanamke ndiye aghalabu achotaye maji ya kuinywesha miche wakati wa kiangazi, na talaka au mauti yakija, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa kwamba hana mti. Gharama ya hati hizo yapasa kuhesabiwa pamoja na gharama ya miche, na ikiwa fedha hazitoshi kwa yote mawili, ipunguzwe miche.