Kiswahili katika Harakati za Wamarekani Weusi: Somo kwa Walimu wa Mafubira

Historia ya Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia hufundishwa zaidi kwa kutaja Vita Baridi na harakati za haki za Wamarekani Weusi. Ni nadra kuelezwa kwamba mambo hayo yote mawili yaliigusa lugha yetu ya Kiswahili. Katika makala haya tunapenda kueleza jinsi ilivyokuwa, na kwa nini jambo hili linamhusu mwalimu wa Kiswahili hapa Mafubira.

Tuanze na serikali. Oktoba 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik, na Marekani ikaingiwa na hofu ya kuachwa nyuma. Mwaka 1958 ilipitishwa Sheria ya Elimu kwa Ulinzi wa Taifa, ambayo ilitoa fedha za kufundishia lugha ambazo hapo awali hazikujaliwa sana vyuoni, Kiswahili kikiwamo. Aidha, mwaka 1961 Rais John F. Kennedy alianzisha Peace Corps, na vijana waliotumwa Tanganyika walifundishwa Kiswahili kabla ya kusafiri. Kwa serikali, Kiswahili kilikuwa chombo cha Vita Baridi.

Wamarekani Weusi walikifuata kwa sababu nyingine. Mwaka 1954, mwaka ule ule bwawa la Owen Falls lilipozinduliwa hapa Jinja, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Zikafuata Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965. Lakini siku chache tu baada ya sheria hii ya pili kutiwa saini, ghasia zilizuka Watts, mjini Los Angeles, na watu 34 wakafa. Vijana wengi waliona kwamba sheria peke yake haimrudishii mtu jina na lugha ambayo mababu zake walinyang'anywa.

Ndipo mwaka 1966 Maulana Karenga alipoanzisha huko Los Angeles sikukuu ya Kwanzaa, inayoadhimishwa kuanzia Desemba 26 hadi Januari 1. Jina hilo limetokana na maneno "matunda ya kwanza", na misingi yake saba ni Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba na Imani. Kisha wanafunzi wa Chuo cha San Francisco State waligoma kuanzia Novemba 1968 hadi Machi 1969 wakidai masomo ya historia na utamaduni wa watu wao. Idara za namna hiyo zilipoenea nchini, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa masomo yake.

Msomaji atauliza: mbona wengi wa mababu hao walitoka Afrika ya Magharibi na ya Kati? Kwa nini si Kiyoruba au Kiakani? Jibu ni kwamba Kiswahili hakikuonekana kuwa mali ya kabila moja. Mtu asiyejua kabila la babu yake aliweza kukiita chake bila kumpokonya mwingine.

Hapa Uganda sifa hiyo hiyo ilihesabiwa kuwa kasoro. Gavana William Gowers alipotaka kukieneza Kiswahili mwaka 1927, Kabaka Daudi Chwa alikipinga, kwa kuwa hakikuwa lugha ya watu wake. Kikabaki zaidi kwa askari na polisi. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wengi walizidi kukiona kuwa lugha ya bunduki. Mwaka 2005 katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari.

Hata hivyo, maneno saba si lugha, na amri ya Baraza si somo. Wengi wa wanaosherehekea Kwanzaa wanayajua majina ya misingi hiyo bila kuweza kuamkiana kwa Kiswahili. Nasi tutabaki na sheria tupu iwapo mwalimu hatakipa Kiswahili uhai darasani.

Tunapendekeza basi kwamba mwalimu ayaandike maneno hayo saba ubaoni. Wanafunzi wachambue neno kujichagulia: ku-ji-chagu-li-a. Waonyeshe kirejeshi kiko wapi, na kauli ya kutendea iko wapi. Kisha wajadili kwa nini watu wa mbali walilichagua neno hilo. Mwanafunzi Msoga wa Mafubira na mwenzake Mgisu wa Mbale wataona kwamba lugha isiyo ya kabila lolote kati yao inaweza kuwa ya wote wawili, na wala hakuna anayelazimika kuacha ya mama yake.