Benjamin Ayimba: nahodha aliyegeuka mwalimu

Safari hii ukurasa wa historia unavuka mpaka na kwenda Kenya. Sababu ni swali lililotoka katika mkutano wetu: vijana wenye nguvu, wanaocheza mpira kila jioni, kwa nini nao wachange kwa kisanduku cha wagonjwa? Tuliona afadhali tujibu kwa maisha ya mtu mmoja wa mpira, Benjamin Ayimba.

Mpira wake si huu wetu wa miguu. Ni ragbi, Wakenya wanauita raga: mpira wenye umbo la yai, unabebwa mikononi, na ukimrushia mwenzako lazima uende nyuma ao pembeni, si mbele. Iko raga ya watu kumi na tano, iko ya watu saba. Ya saba ni mbio tupu: dakika 7, kupumzika kidogo, dakika 7 tena, basi. Watu wanagongana vibaya, lakini kuna desturi moja tungependa ifike hata Komanda: anayeongea na refa ni nahodha peke yake. Kwetu, penalti moja tu na uwanja mzima unakuwa marefa, pamoja na mama mwenye kuuza ndizi pembeni.

Ayimba alikuwa nahodha wa namna hiyo. Alicheza Impala, timu ya Nairobi, akaenda Uingereza kucheza na Cornish Pirates, akavaa jezi ya taifa na kuongoza wenzake. Mwaka 2006 akashika kazi ya kufundisha timu ya Kenya ya watu saba. Wengi wanaotoka uwanjani wanabaki kusimulia mabao yao ya zamani. Yeye alirudi kwa vijana na kuanza upya.

Machi 2009, katika Kombe la Dunia la raga ya saba kule Dubai, Kenya ilipiga Fiji 26 kwa 7 na kufika nusu fainali. Hapo Argentina ikawafunga 12 kwa 0. Kwa wasiojua, Fiji katika raga ya saba ni kama Brazili katika mpira wa miguu. Katika kikosi hicho walikuwa ndugu wawili wa tumbo moja, Humphrey Kayange na Collins Injera, pamoja na Innocent Simiyu.

Ayimba aliiacha timu mwaka 2011, akarudishwa mwaka 2015. Tarehe 17 Aprili 2016, kule Singapore, Kenya ikakutana na Fiji tena, sasa katika fainali. Ikashinda 30 kwa 7. Ilikuwa mara ya kwanza Kenya kuchukua kombe katika mashindano yale ya dunia yanayozunguka nchi kwa nchi tangu 1999. Tusidhani Fiji walikuwa wamechoka: miezi minne baadaye, watu hao hao walichukua dhahabu ya Olimpiki kule Rio kwa kuipiga Uingereza 43 kwa 7. Kenya yenyewe Rio ilianguka, ikawa ya 11 kati ya timu 12, na kazi ya Ayimba ikaishia hapo. Mpira uko hivyo. Lakini aliyemfuata ni Simiyu, kijana aliyekuwa akimfundisha, naye akawa mwalimu wa timu ya taifa. Kwetu sisi hilo lina uzito kuliko kombe.

Sasa tufike kwa swali la mkutano. Tarehe 21 Mei 2021 Ayimba alifariki Nairobi, akiwa na miaka 44. Hakufa kwa kugongwa uwanjani. Ilikuwa palu iliyopanda kichwani, ile madaktari wanaita malaria ya ubongo. Alipokuwa amelazwa, watu wa raga walipitisha kofia ili kusaidia gharama. Walichanga kwa upendo, lakini walianza kuchanga mgonjwa akiwa kitandani tayari.

Palu hii haiangalii misuli. Vijidudu vyake vinaziba mishipa midogo ya damu katika ubongo. Mtu anaongea maneno yasiyoeleweka, anapata degedege, anapoteza fahamu. Hapo vidonge havitoshi. Anahitaji sindano ya artesunate haraka, na saa chache zinaweza kuwa nyingi mno. Tena kuna jambo linalotuhusu sisi tuliorudi. Mwili uliokaa miaka mahali penye mbu kidogo unapoteza sehemu ya kinga yake. Mtu anakumbuka alivyopona na dawa za miti mwaka ule kabla ya kukimbia, anafikiri bado ni yule yule. Tumekwisha kuona wenzetu wanasema «ni uchovu wa safari» siku tatu nzima.

Ndiyo maana kamati inasimama palepale: mchango wa kisanduku ni wa kila memba, mzee na kijana, anayecheza na anayetazama. Pesa zinakaa tayari kwa usafiri wa mgonjwa, kipimo na sindano, kwa sababu pikipiki ya usiku haingoji mkutano uitishwe. Vijana wa timu wameomba wawe na mtu wao mmoja katika kamati ya wagonjwa. Tumekubali. Wamchague wenyewe, na akija aongee kwa niaba ya wote, kama nahodha kwa refa.