Dakika Moja ya Kusoma

Mdogo wangu alikuwa anaweza kusoma kitabu kikiwa kimepinduliwa. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, yeye akiwa darasa la kwanza. Anashika kitabu, anaweka kidole kwenye mstari, na ukurasa mzima unatoka bila kukwama. Nyumbani tulimsifu sana. Siku moja nyanya, ambaye hakuwahi kukalia dawati hata siku moja, akamtazama na kuuliza, "Mbona hao watu kwenye picha wamesimama kwa kichwa?" Tulicheka wote. Mimi nilikuwa darasa la nne na nilicheka kuwashinda. Kumbe nyanya ndiye peke yake aliyekuwa amempima mtoto, na mtoto alikuwa ameanguka.

Nimekuja kusoma historia ya jambo hili nikiwa mtu mzima, na bado linanishangaza: swali dogo kama la nyanya lilichukua miaka mingi sana kabla ya kuulizwa rasmi katika nchi hii. Si ati hakukuwa na mitihani. Mitihani ilikuwa tele, ila haikumfikia mtoto mdogo.

Hapa Pwani, kipimo cha zamani kabisa ninachokijua kilikuwa chuoni, kwa maalimu. Mtoto alianza na alifu, akaandikiwa kwenye ubao wa mti, na ubao haukuoshwa mpaka asome peke yake mbele ya mwalimu. Alisikilizwa mmoja mmoja, herufi kwa herufi. Kile ambacho hakuulizwa ni maana, kwa sababu lugha yenyewe hakuijua. Wamisheni nao walipokuja walikuwa na kipimo chao. Katika misheni nyingi, aliyetaka kubatizwa alitakiwa kwanza aonyeshe kwamba anasoma. Ndiyo maana Wakikuyu waliwaita Wakristo wa kwanza athomi, yaani wasomaji. Kusoma kulikuwa mlango, na mlangoni kulikuwa na mtu wa kukusikiliza.

Shule ya serikali ilipokua, kusikilizwa huko kukapotea. Kipimo kikahamia mwisho wa safari. Kwanza ulikuwapo mtihani wa wakoloni kwa Waafrika, halafu baada ya uhuru ikaja CPE, na kuanzia 1985 ikaja KCPE, iliyodumu hadi 2023. Mtihani wa mwisho kazi yake ni kuchuja: nani aendelee, nani arudi nyumbani. Hauwezi kumsaidia mtoto aliyepotea njia miaka saba nyuma.

Kuhusu madarasa ya chini, mjadala mkubwa ulikuwa ni lugha gani itumike. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Kiingereza kilianza kuingizwa tangu darasa la kwanza, na Tume ya Ominde ya 1964 ikakiunga mkono. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ikasema watoto waanze kwa lugha ya eneo lao, na vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu vikachapishwa kwa lugha kadhaa. Mjadala ulikuwa muhimu. Lakini darasani mwetu, lugha yoyote iliyotumika, mambo yalikuwa yaleyale: mwalimu anasoma, sisi tunaitikia kwa kwaya. Katika kwaya ya watoto sitini, nani atajua wewe unafungua mdomo tu? Mwalimu hakuwa mzembe. Angemsikiliza kila mmoja kwa dakika moja, somo lote lingeisha kabla hajamaliza.

Kisha ikaja 2003, elimu ya msingi ikawa bila malipo, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka shuleni. Mwaka uliofuata Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, akiwa na miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza kule Eldoret kwa sababu alitaka kujisomea Biblia. Dunia nzima ilimshangilia. Tulikuwa tunahesabu walioingia, lakini hakuna aliyekuwa anahesabu waliosoma.

Mwaka 2007 watafiti walifika Malindi, si mbali na kwetu, na kipimo kipya kinachoitwa EGRA. Mtoto anakaa na mtu mzima mmoja, karatasi mezani, saa mkononi. Ana dakika moja ya kutaja herufi au silabi. Ana dakika nyingine ya kusoma maneno yasiyo na maana yoyote, mfano "lemi" au "tadu". Halafu anasoma hadithi fupi na kuulizwa maswali juu yake. Yale maneno ya kubuni ndiyo yanayonigusa mpaka leo. Hayapo kwenye kitabu chochote, kwa hiyo huwezi kuyakariri. Mdogo wangu angenaswa hapo hapo, akiwa na miaka saba, na bado mapema.

Miaka miwili baadaye ukaanza utafiti wa Uwezo, ulioiga mfano wa ASER wa India. Huo ulikwenda nyumbani badala ya shuleni, kwa hiyo hata aliyeacha shule alipimwa. Mwaka mmoja nami nilijitolea. Nakumbuka msichana wa darasa la tatu aliyesoma herufi zote, akafika kwenye maneno, akanyamaza. Mama yake alikuwa anachambua mchicha pembeni. Akaniuliza, "Mwanangu, sasa huko shule anaenda kufanya nini?" Sikuwa na jibu. Na hakuwa peke yake: ripoti ya Uwezo ya 2012 ilisema ni watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kazi ya darasa la pili.

Serikali ilisikia. Mwaka 2015 mpango wa Tusome ulianza nchi nzima, kila mtoto na kitabu chake, na maafisa wakizunguka shuleni na tableti kusikiliza watoto wachache wakisoma. Vilikuwapo pia viwango: mtoto anayesoma vizuri afikishe maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili, na 65 kwa Kiingereza. Nilipoona tofauti hiyo nilikasirika, nikadhani Kiswahili kimedharauliwa tena. Kumbe hapana. "Hawatatuletea" ni neno moja kwetu. Kwa Kiingereza ni maneno matano. Huwezi kupima lugha mbili kwa rula moja.

Bado nina wasiwasi na ile saa. Mtoto mwenye kigugumizi, au mwenye haya mbele ya mgeni, dakika inamhukumu bure. Na kasi si maana: wapo watoto wanaotamka Kiingereza vizuri sana, halafu ukiwauliza hadithi ilihusu nini wanakutazama tu. Hilo ni tatizo la chuoni limerudi na nguo mpya. Lakini nikilinganisha saa na kwaya, mimi nachagua saa. Angalau kuna mtu amekaa, anasikiliza mtoto mmoja.

Mdogo wangu aliacha shule darasa la sita. Leo anaendesha bodaboda, na ujumbe wake kwangu ni wa sauti tu. Binti yake yuko gredi ya kwanza. Mwezi jana niliwakuta kibarazani, mtoto anasoma kwa kasi. Baba mtu akafunika picha kwa kiganja, akaweka kidole katikati ya ukurasa, akasema, "Anza hapa." Mtoto akakwama, akavuta pumzi, akaanza silabi moja moja. Ilichukua zaidi ya dakika moja, na hakuna aliyecheka.